Maoni ya Wavutaji Wasiokuwepo

Kulikuwa na nchi moja, si yetu, Mungu apishe mbali, wala haipakani na yetu, ambayo waziri wake wa afya alirudi kutoka mkutano wa nje akiwa anaumwa na wivu. Huko alikokwenda alimwona waziri mwenzake akivishwa Nishani ya Pafu la Dhahabu kwa kupunguza uvutaji wa sigara nchini mwake, na nishani ile ilikaa vizuri mno kifuani. Waziri aliporudi hakula vizuri kwa siku tatu. Siku ya nne aliibadilisha wizara yake jina, ikawa Wizara ya Mapafu na Maadili, na akamteua Profesa Lutengano Mbiro kuwa Mkurugenzi wa Moshi.

Profesa Mbiro alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Katika miezi minane alipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya nyumba zenye paa, nje ya nyumba zenye paa, na mahali popote penye upepo. Kila mtaa uliachiwa vibanda viwili vya kuvutia sigara, kimoja kimeandikwa WANAUME na kingine WANAWAKE, kila kimoja na askari wake wa kukagua kitambulisho. Kwenye kila pakiti ya sigara aliweka picha ya mwanamume aliyepaka rangi ya midomo, macho yamemvimba, na chini yake maneno: SIGARA HUFANYA HIVI. Na ili asionekane mkali, alifungua katika kila hospitali Kliniki ya Kuacha Sigara, ushauri bure, dawa bure.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kiwandani, aliishi fundi cherehani aitwaye Sikudhani Mapande. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkono mwepesi, ulimi mzito, na sigara mdomoni tangu asubuhi hadi anapofunga cherehani. Alishona sare za shule. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na alikaa na Chausiku, mvutaji mwenzake, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga. Walikuwa pamoja miaka kumi na sita. Mtaa mzima ulijua kwamba ni binamu. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kukilalia.

Walihitaji kuwa binamu kwa sababu ya sheria. Kifungu cha tisa kilisema kwamba watu wanaopenda wa jinsia yao, na watu wasiofanana na walivyoandikwa siku ya kuzaliwa, hawapo katika nchi hiyo. Hakikusema kwamba ni wabaya. Kilisema hawapo, basi, na kwamba yeyote kati yao atakayeonekana yupo atafungwa miaka minne. Waziri alipenda kusema kwamba ni sheria ya upole, haimchukii mtu yeyote, kwa kuwa hakuna mtu wa kumchukia.

Mwaka huo Chausiku alianza kukohoa. Mwanzoni alisingizia unga. Halafu akaanza kupanda ngazi za hospitali kwa vituo, kama basi, na daktari akamwambia mapafu yake yamechakaa. Akiacha sigara sasa hivi atapata miaka, asipoacha atapata miezi. Alijaribu kuacha peke yake mara tatu. Mara ya tatu Sikudhani alimkuta nyuma ya choo akivuta kipande cha sigara alichokiokota, huku analia kwa aibu.

"Twende kliniki," Sikudhani alisema. "Wote wawili. Mimi nikiwa navuta humu ndani, wewe huachi."

Wakaenda. Nesi wa kliniki alikuwa mchangamfu, akawakaribisha viti, akafungua daftari.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," alisema Chausiku.

"Mume yuko wapi?"

"Sina mume."

Nesi akaweka kalamu chini. Akaeleza, kwa upole wa mtu aliyeeleza hivyo mara nyingi, kwamba dawa hutolewa kwa mgonjwa aliyekuja na mwenza wa ndoa mwenye cheti, ambaye atatia saini kumsimamia nyumbani.

"Nitamsimamia mimi," alisema Sikudhani. "Tunakaa pamoja."

"Wewe ni nani kwake?"

Sikudhani alimtazama Chausiku. Chausiku alitazama dirisha.

"Binamu."

"Binamu hatoshi, dada. Mwongozo unasema msimamizi awe mtu anayeweza kumnyang'anya mgonjwa sigara kitandani saa yoyote. Binamu atajuaje kinachofanyika kitandani?"

Walirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, Chausiku akisimama kila baada ya nguzo mbili za umeme kuvuta pumzi. Sikudhani alikuwa na hasira mpaka akawasha sigara njiani, akapigwa faini.

Wakati huohuo, kule wizarani, Profesa Mbiro alikuwa na shida yake. Baraza la Mapafu la Dunia, ambalo ndilo linalotoa nishani, lilimwandikia kwamba sera zake ni za kupigiwa mfano, ila kasoro moja: hakuna mahali alipoeleza maoni ya wavutaji ambao ni wachache wa kijinsia na kimapenzi. Bila maoni yao, nishani haitoki. Wasipungue kumi na wawili.

Profesa alijibu kwamba watu hao hawapo. Baraza likajibu kwamba linaheshimu msimamo huo, na likauliza wasiokuwepo hao wana maoni gani.

Waziri alipiga meza. "Watafutwe!" alisema. "Nchi hii haiwezi kukosa nishani kwa sababu ya watu ambao hata hawapo!"

Redio ya taifa ikatangaza kati ya taarifa ya habari na bei ya mahindi: "Wizara inawaomba wananchi wasiokuwepo, wanaovuta sigara, wafike ofisi za wizara Jumanne saa tatu asubuhi wakiwa na kitambulisho." Jumanne hakufika mtu. Profesa akasema kwamba hilo lilithibitisha sheria, lakini waziri hakucheka.

Ndipo Profesa akachukua makarani kumi na wawili wa wizara, akawaamuru wawe wasiokuwepo kwa siku moja, akamwita mgeni wa Baraza aje awasikilize. Mgeni huyo aliitwa Bi Margrethe. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye daftari jekundu na Kiswahili alichojifunza kitabuni. Alimuuliza karani wa kwanza anaonaje kupanda kwa kodi ya sigara.

"Sina maoni," alisema karani. "Nasubiri mwongozo."

Wa pili naye alikuwa anasubiri mwongozo. Wa tatu alimwamkia Bi Margrethe kwa niaba ya mke wake na watoto wake saba. Bi Margrethe akafunga daftari.

Ikabidi itungwe kanuni mpya. Ikatangazwa kwamba wizara itatoa Kibali cha Kuwepo kwa Muda, karatasi ya bluu yenye mhuri, itakayomruhusu mwenye nayo kuwepo tarehe kumi na nne ya mwezi huo, kuanzia saa tatu kamili hadi saa tano kamili asubuhi, bila kukamatwa.

Aliyeleta habari hiyo nyumbani kwa Sikudhani ni Shani, msusi wa nywele. Shani alizaliwa akaandikwa mvulana, na tangu alipojua kusema alikuwa akiwaambia watu kwamba mwandishi alikosea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akaweka karatasi mbili za bluu juu ya cherehani.

"Nimekuchukulia na wewe," alisema. "Tumeshafika kumi na mmoja. Mwalimu Kasiano naye yumo."

"Kasiano wa shule ya msingi? Ana wazimu?"

"Amechoka. Sote tumechoka, shoga yangu. Mimi kwenye kibanda cha wanaume napigwa. Cha wanawake askari anasoma kitambulisho, ananitoa. Nikivuta katikati ya vibanda, hapo ni marufuku, nalipa. Wacha nikaseme mara moja maishani, wenyewe wameniomba."

Shani alipoondoka, Chausiku alisema kutoka kitandani, "Usiende."

"Watasikiliza. Mgeni atakuwepo."

"Mgeni ana tiketi ya kurudi. Wewe una tiketi ya kwenda wapi?"

"Nitasema kuhusu kliniki tu. Kile kipengele cha mwenza wakikitoa, wiki ijayo unapata dawa."

Chausiku akakohoa, muda mrefu, akashika ukingo wa kitanda mpaka kikohozi kikapita. Alipomaliza hakuwa na nguvu ya kubishana, na hilo ndilo lililomfanya Sikudhani aichukue karatasi.

Tarehe kumi na nne, saa tatu kamili, wasiokuwepo kumi na wawili walikaa kwenye ukumbi wa wizara, kila mmoja na kibali chake kifuani kwa pini. Sikudhani alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Hakuwahi kukaa chumba kimoja na wenzake wengi hivyo mchana, na aliona ajabu jinsi walivyokuwa watu wa kawaida: mmoja alikuwa na mafua, mmoja alikuwa akila karanga.

Profesa Mbiro alifungua kwa hotuba fupi ya dakika sabini.

"Pafu," alisema, "ni chombo kisicho na ubaguzi. Serikali yenu, ingawa kisheria si yenu, inawajali hata pale ambapo haiwezi kuwaona." Alinukuu takwimu. Alieleza utoto wake. Makarani kumi na wawili, waliokuwa wamepangwa mstari wa nyuma, walipiga makofi kila aliponyanyua glasi ya maji.

Saa nne na dakika kumi Bi Margrethe alipata nafasi ya kuuliza. Mwalimu Kasiano alisema kwamba anavuta zaidi tangu picha mpya zilipowekwa, kwa sababu katika maisha yake yote hajaona picha ya mtu kama yeye ikiuzwa hadharani.

"Hiyo picha ni yangu," alisema Shani.

Makarani wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Ni yangu," alirudia. "Waliipiga kituo cha polisi mwaka juzi waliponikamata. Hayo macho kuvimba si sigara. Ni wao. Naomba iondolewe. Na naomba mita moja ya kusimama kati ya vibanda."

"Ninauheshimu ukweli wako," alisema Bi Margrethe, akaandika.

Zamu ya Sikudhani ilipofika, ulimi ulimwia mzito kama kawaida. Alisimama, akashika kiti cha mbele.

"Mimi nakubaliana na sheria," alisema. "Sigara inaua, naiona inavyoua nyumbani kwangu. Sitaki iuzwe bei rahisi. Sitaki kibanda. Pandisheni kodi, fungeni viwanda, mimi nitashukuru. Lakini mtu wangu anataka kuacha, na mmemwambia hawezi kusaidiwa mpaka awe na mume. Nani amewaambia kwamba mimi siwezi kumnyang'anya sigara? Miaka kumi na sita nalala naye kitanda kimoja. Akigeuka naamka. Akikohoa naamka kabla hajakohoa. Nipeni hiyo saini nitie. Ni hilo tu."

Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti, hata kwa Chausiku. Alipokaa, alihisi kitu kama furaha.

Bi Margrethe alivua miwani akajifuta macho. Alisema kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajasikia ushahidi kama huo. Alimwomba Sikudhani arudie ile sehemu ya kukohoa ili yeye aiandike sawasawa, kisha Sikudhani atie saini, jina kamili na anwani. Kisha akatazama saa, akasema ndege haimsubiri, akawakumbatia wote mmoja mmoja, akaondoka.

Profesa alisimama kutoa neno la shukrani. Alimshukuru waziri, makarani, mpiga picha, na mtu aliyeleta viti. Sikudhani aliona mshale wa saa ya ukutani ukikaribia saa tano, akanyanyuka.

"Tafadhali," alisema Profesa, "si heshima kutoka wakati kiongozi anazungumza." Mlangoni alisimama karani, ameuegemea.

Neno la shukrani lilikwisha saa tano na dakika kumi na moja. Polisi waliokuwa wakisubiri kwenye ngazi walikuwa na adabu. Walimwomba kila mmoja aonyeshe kibali, wakasoma saa, wakalinganisha na saa zao.

"Muda wenu wa kuwepo umekwisha," alisema mkubwa wao. "Na bado mpo."

Kesi ilichukua asubuhi moja. Shtaka lilikuwa kuwepo kupita muda ulioruhusiwa, na ushahidi ulikuwa maoni yao wenyewe, yamechapwa vizuri, na saini. Hakimu alisoma maneno ya Sikudhani kwa sauti mahakamani, pamoja na kitanda, na watu kwenye mabenchi wakacheka. Alipouliza kama ana la kujitetea, Sikudhani alisema, "Niliitwa." Hakimu akakubali kwamba aliitwa. Akampa miaka minne. Shani alipelekwa gereza la wanaume, kwa kuwa magereza nayo, kama vibanda, yalikuwa ya aina mbili tu.

Lazima isemwe, kwa haki, kwamba maoni hayakupuuzwa. Mwezi wa pili wa kifungo chao, Profesa Mbiro alikata utepe ndani ya gereza la wanawake na kufungua Kliniki Maalumu ya Kuacha Sigara kwa Wasiokuwepo, ya kwanza katika bara zima. Haikudai cheti cha ndoa. Dawa zilikuwa zilezile alizonyimwa Chausiku, kabati zima, na Sikudhani alipewa kidonge chake kila asubuhi, akifunguliwa mdomo kuhakikisha amemeza. Ndani ya wiki sita hakuwa na hamu ya sigara hata kidogo. Alikuwa na hamu ya kuficha vidonge kwenye pindo la sare, lakini askari walikagua pindo.

Chausiku alikuja kumwona mara moja, kama binamu, kwa kuwa ndugu waliruhusiwa. Alikuwa amepungua mpaka kanga ilimzidi. Walikaa pande mbili za dirisha la waya.

"Nimekwenda polisi," alisema Chausiku.

"Kufanya nini?"

"Kujisalimisha. Nimewaambia mimi ndiye yule wa kwenye ushahidi wako. Wanifunge, nipate kliniki. Na nikukute."

"Wakasemaje?"

Chausiku alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Sikudhani akasubiri upande wake wa waya bila kuweza kumshika mgongo.

"Wamesema Baraza liliomba kumi na wawili, na kumi na wawili wamepatikana. Wakiongeza wa kumi na tatu, takwimu zitaharibika. Mkuu wa kituo amenipa chai. Amesema kisheria mimi sipo, niende nyumbani nikapumzike."

"Umekunywa hiyo chai?"

"Nimekunywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Ungeipenda."

Muda ukaisha. Chausiku aliondoka kwa vituo vyake, akishika ukuta, na Sikudhani alihesabu mara alizosimama mpaka mlango ukafungwa.

Chausiku alifariki wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi. Mama Tunu, mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyekuja kumwambia. Alisema amezikwa vizuri, watu walikuja wengi, na kwamba kila mtu alisikitika binamu yake hakuwepo.

Jumatatu iliyofuata, kabla Sikudhani hajajua afanye nini na mikono yake, alipelekwa ofisi ya kliniki. Profesa Mbiro alikuwa hapo na karani mwenye fomu. Ilikuwa tathmini ya miezi sita. Nishani ilikuwa karibu kutoka.

"Hongera!" alisema Profesa, akampa cheti cha karatasi ngumu. "Katika kundi lenu, uvutaji umeshuka kutoka asilimia mia hadi sifuri. Hakuna nchi iliyowahi kufika hapo. Una swali moja tu la kujibu, tena jepesi."

Karani alisoma bila kunyanyua macho. "Je, bado kuna unachokitamani? Kama kipo, taja."

Sikudhani alikigeuza cheti mikononi mpaka Profesa akaanza kutazama saa.

"Chausiku," alisema.

"Herufi zake?"

Akazitaja, moja moja. Karani akaandika.

Ripoti ilichapishwa kwa karatasi ya kung'aa. Ukurasa wa sitini na moja, kwenye jedwali la chapa za tumbaku ambazo wavutaji wa kundi hilo bado wanazitamani baada ya tiba, kulikuwa na jina moja tu. Wataalamu hawakuwahi kulisikia. Waliazimia kwamba ni sigara ya kienyeji, isiyosajiliwa, na kwa kuwa imemshinda hata mgonjwa aliyepona kabisa, lazima iwe kali kuliko zote. Waziri, akiwa tayari na nishani kifuani, alitangaza kwenye redio kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kuuza, kusafirisha, kumiliki au kutamani Chausiku popote nchini. Polisi walipekua maduka siku tisa. Mjane mmoja aliyekuwa na jina hilo alishauriwa alibadilishe.

Mwishowe wakaja gerezani, kwenye chanzo. Askari wawili wa kike waligeuza godoro la Sikudhani, wakakung'uta blanketi, wakapitisha vidole kwenye mshono wa mto. Hawakupata kitu. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti isiyo na ubaya, alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kufungua kijitabu.

"Mama, nisaidie nimalize kazi," alisema. "Hiyo Chausiku, enzi zako, ulikuwa unatumia ngapi?"

"Mmoja," alisema Sikudhani.

"Moja. Sigara ni moja, mama. Hatusemi mmoja."

"Mmoja," alisema Sikudhani.

Askari alimtazama, kisha akaandika *moja*, akapiga mstari chini yake.